Joto la Chumba

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo kwenye ramani. Niliitafuta kwenye ile iliyobandikwa ukutani posta, nikakuta mahali inapopaswa kuwepo pametobolewa na msumari wa kutundikia picha ya Mheshimiwa Mlezi Mkuu. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuulizia jina lake, wala asianze kunong'ona kwamba anaijua. Mimi nimezaliwa humo na bado siijui vizuri.

Naitwa Fulgensi. Nina grosari mkabala na hospitali kuu, na biashara yangu ni mvinyo mwekundu. Kwetu ni joto mwaka mzima, mchana mabati ya paa yanalia yenyewe, lakini watu wanaupenda mvinyo mwekundu kuliko unavyoweza kufikiri, na walikuwa na namna yao ya kuunywa. Jumapili, baada ya misa, mtu alikuja kwangu akachagua chupa kwa kuipapasa kama anayechagua nanasi. Nikaitoa kwenye friji ikiwa inatoka jasho. Mezani kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, pilipili na ndimu, na kwenye bilauri vipande vya barafu vinagongana. Wengine waliongezea soda. Hakuna aliyekufa wala aliyeshtakiwa. Watu walicheka, wakasengenya majirani, wakaenda kulala.

Balaa lilianza Mheshimiwa aliposafiri kwenda nchi ya baridi kuomba matrekta. Kwenye karamu akamiminiwa mvinyo mwekundu, naye akasema kama anavyosema nyumbani, "Barafu." Mhudumu akainua unyusi mmoja. Mmoja tu, wa kushoto. Mwenyeji wake akamweleza kwa upole kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Mheshimiwa akacheka, akasema alikuwa anatania. Matrekta hayakuja. Alichorudi nacho ni ule unyusi, na inasemekana ulimkosesha usingizi safari nzima ya ndege.

Kesho yake alihutubia taifa redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi tumekuwa tukiuaibisha mvinyo. Kuanzia leo, mvinyo mwekundu utanywewa katika joto la chumba, kama wafanyavyo watu waliostaarabika. Atakayeupoza mvinyo amenipoza mimi."

Tukapiga makofi. Wengine walipiga makofi wakiwa peke yao majumbani, maana kuta zetu ni nyembamba na majirani wana masikio.

Ili amri ishike, kikaundwa kikosi cha Askari wa Joto. Walivaa sweta za sufu, kuonyesha kwamba mambo ya ustaarabu wanayaelewa, wakawa wanazunguka mitaani wakichuruzika jasho. Vipimajoto vya hospitali walipewa wao. Wakiingia grosari walichukua chupa, wakaibana kwapani, wakafumba macho. Ikiwa ya moto kuliko kwapa la askari, duka limepita. Friji langu lilichukuliwa kama kidhibiti, na kila friji la mtaani likafuata, kwa kuwa askari hawezi kujua ndani ya friji kuna maziwa au kuna uhaini mpaka alibebe.

Ukutani kwangu wakabandika tangazo lenye maelezo ya kufurahia. Zungusha. Nusa. Onja. Fumba macho. Sema aaa. Mteja alitakiwa kufurahia palepale dukani, askari akimtazama koo. Mvinyo wenyewe, baada ya siku kadhaa kwenye rafu yangu chini ya bati, ulikuwa umegeuka siki. Vizibo viliruka vyenyewe mchana, tukawa tunainama. Nimemwona mwalimu mkuu mstaafu, mtu mzima na mvi zake, akifumba macho na kusema aaa huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola, na askari akamsifu kwa kuguswa. Waliokuwa na akili walinunua kwa ajili ya kachumbari. Mimi niliwauzia bila kuuliza.

Hayo yote yalikuwa ya kuchekesha, na mimi nilicheka. Niliacha kucheka siku walipoingia kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaitwa Skolastika, sisi tunamwita Da Skola. Ni fundi cherehani wa sare za shule, nyumba yake inapakana na duka langu, mwembamba, mwenye ulimi wa kukata nguo bila mkasi. Tangu akiwa msichana ana ugonjwa wa sukari, ule ambao mwili hautengenezi dawa yake wenyewe, lazima ujidunge sindano kila siku ndipo uishi. Dawa hiyo inataka baridi. Ikishinda kwenye joto inaharibika, na mgonjwa akiikosa anamalizika upesi. Hospitali ilikuwa ikiwatunzia wagonjwa dawa kwenye ghala lake la baridi, na kila mmoja akachukua chupa ndogo ya kwenda nayo nyumbani. Da Skola aliitunza chupa yake kwenye mtungi wa maji, kama mama yetu alivyomfundisha: mtungi unakaa kivulini juu ya mchanga uliolowa, dawa inawekwa ndani ya kopo, kopo linaelea juu ya maji. Amefanya hivyo maisha yake yote.

Askari wa Joto akatumbukiza mkono kwenye mtungi, akautoa haraka kama ameumwa.

"Mama, humu kuna baridi," akasema.

"Ni mtungi, mwanangu," Da Skola akamjibu. "Ulitegemea kuwe na nini, uji?"

"Hili ni friji la siri."

"Hilo ni udongo."

Akalipiga rungu friji la siri. Maji yakatapakaa mpaka chini ya cherehani. Chupa ya dawa Da Skola aliiwahi isikanyagwe. Tangu siku hiyo alikuwa anavuka barabara kila asubuhi na kila jioni kwenda kudungwa palepale hospitalini, na wala hakulalamika. Aliniambia, "Fulgensi, maadamu ghala la hospitali lipo, waache wavunje mitungi."

Basi akaja balozi wa ile nchi ya baridi, na Mheshimiwa akaona hapa ndipo pa kuufuta unyusi. Akamwandalia chakula cha mchana barazani, na mvinyo uliokaa tangu jana yake kwenye chumba cha walinzi. Balozi akaonja. Akakaa nao mdomoni kwa muda mrefu, kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake mzigo. Kisha akameza, akauliza kwa adabu kama hii ni siki ya kuwekea kwenye saladi. Na unyusi wake wa kushoto ukapanda.

Tume ikaundwa siku hiyohiyo, chini ya Mheshimiwa Dakta Teofrasti Ngwandu, Waziri wa Vinywaji vya Heshima. Udaktari wake ni wa kutunukiwa, lakini humwambii hivyo. Tume ilichunguza bila woga. Iligundua kwamba Mheshimiwa hakukosea, kwa kuwa hakosei. Balozi hakukosea, kwa kuwa tunamwomba matrekta. Mvinyo haukukosea, kwa kuwa ulinunuliwa kwa idhini ya Mheshimiwa. Waliobaki ni vyumba.

"Imethibitika," Waziri Ngwandu alisoma mbele ya waandishi wa habari, akijipangusa uso, "kwamba vyumba vya nchi hii havina joto la chumba. Vimekuwa vikilihujumu taifa tangu vilipojengwa. Tunahitaji chumba kimoja chenye uzalendo."

Ndipo kikajengwa Chumba cha Taifa, chenye marumaru, mlango mzito wa mninga na joto kama la chumba cha nchi ya baridi. Mitambo ya kupoza haikuagizwa nje, maana tunajitegemea. Iling'olewa kwenye ghala la dawa la hospitali na kwenye chumba cha maiti. Nilisimama mlangoni kwangu nikaitazama ikipita juu ya lori, imefungwa kamba, na nyuma yake Sista Yustina, muuguzi mkuu, akilikimbilia lori na kapu la dawa mikononi kana kwamba wangesimama wampakie. Waliofariki wiki hiyo waliambiwa wazikwe siku ileile. Dawa zikahamishiwa kwenye stoo ya mashuka. Sista Yustina alizifunika na kanga mbichi, akawa anabadilisha kanga kila saa, lakini stoo ile ina dirisha la upande wa magharibi na jua la alasiri haliombi ruhusa.

Da Skola akaanza kudhoofika. Alikuwa anadungwa kama kawaida, lakini dawa ilikuwa imeanza kuchoka. Anakunywa maji ndoo nzima, midomo imekauka, nguo zinampwaya. Sare za watoto zikarundikana juu ya cherehani. Niliogopa, na sioni aibu kusema kwamba niliogopa. Hatukuwa na mama tena wala baba, nilikuwa naye tu.

Tukaenda wote watatu, mimi, yeye na Sista Yustina, kwa Waziri Ngwandu. Alitupokea vizuri sana. Alitukalisha kwenye makochi, akatumiminia siki, tukasema aaa.

"Mheshimiwa Waziri," Sista Yustina akaanza, "tunaomba pembe moja tu ya Chumba cha Taifa. Pembe ya kuweka kapu. Wagonjwa wa sukari watakufa."

Waziri akasikitika kwa dhati. "Sista, ningependa. Lakini chumba kile kina joto la chumba. Tukiingiza dawa, litakuwa joto la dawa. Mgeni akiuliza tutamjibu nini?"

"Mwambieni ukweli," Da Skola akasema.

"Mama, huo ni wa mwisho kabisa, tunauhifadhi kwa dharura." Akafikiri, akiwa amelaza kidole kwenye shavu. "Sheria ni kwamba kinachoingia mle kiwe chekundu, kiwe kwenye chupa ya mvinyo, kiwe na kizibo na jina la kuheshimika. Mkileta kitu cha namna hiyo, nani atakizuia?"

Tulipotoka nje nilidhani alikuwa anatudhihaki. Sista Yustina akasema hapana, mtu yule hana uwezo wa kutania, ametueleza utaratibu.

Sisi wauza grosari tuna ufundi wetu wa kukata chupa tupu ili kupata bilauri. Unazungushia uzi uliolowa mafuta ya taa, unauwasha, unatumbukiza chupa kwenye maji, inaachia kitako chake kistaarabu. Nikakata chupa za mvinyo namna hiyo. Sista alichambua zile chupa ndogo za dawa ambazo zilikuwa bado nzima, tukazipanga ndani, Da Skola akazizungushia vipande vya kitambaa chekundu cha sare za shule ya msingi, nikarudisha vitako kwa nta. Jina nililiweka mimi: Mvinyo wa Mtakatifu Skolastika. Mwenyewe alicheka, ingawa kicheko kilimchosha akakaa chini.

Wanakamati wa kupokea mvinyo wa Chumba cha Taifa hawaonji, kwa kuwa kuonja kabla ya Mheshimiwa ni utovu wa adabu. Wanatazama tu na kusifu. Waliinua chupa zetu juani, wakakubaliana kwamba ni mvinyo wenye mwili mzito, mkimya, na harufu ya mbali ya hospitali. Wakazipokea. Na kwa kuwa muuzaji anaruhusiwa kwenda kuugeuza mvinyo wake ili usilale upande mmoja, kila Jumatatu nilikuwa naingia Chumba cha Taifa na mikono mitupu na kutoka na dawa ndani ya soksi. Da Skola na wenzake wakaanza kunenepa. Cherehani ikalia tena. Nilikuwa nikiisikia kutoka dukani kwangu na moyo ukatulia.

Sifa ndizo zilizotuponza. Wanakamati waliusifu mvinyo wetu kwa wenzao, wenzao wakausifu kwa wakubwa, na kila aliyeusifu aliapa kwamba ameuonja. Habari zikamfikia Mheshimiwa. Balozi alikuwa anarudi. Mheshimiwa akaamuru karamu ya mchana wa Jumatatu, na mezani usiwepo mvinyo mwingine isipokuwa wa Mtakatifu Skolastika, chupa zote zilizopo. Mimi na dada yangu tukaalikwa kama wenye mali.

Nilimwambia asiende. Akasema, "Dawa ya leo imo mle, na ya wenzangu imo mle. Nikae nyumbani nifanye nini?" Akaweka bomba lake la sindano kwenye mkoba, tukaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa mawaziri wenye sweta. Mhudumu akaileta chupa ya kwanza mbele ya Mheshimiwa, akavuta kizibo, akainamisha. Hakikutoka kitu. Akaitikisa. Ikalia kama njuga. Akaitikisa tena kwa nguvu, kitako kikaachia, na chupa ndogo za dawa zikabingirika kati ya sahani, moja ikaenda kusimama kwenye kijiko cha balozi.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mheshimiwa. Mimi nilikuwa nasali sala ambayo sikumbuki maneno yake. Da Skola, ambaye hakuwa amedungwa tangu jana, alisimama, akasogea mezani, akaichukua ile ya kwenye kijiko, akavuta dawa kwenye bomba kama alivyofanya maisha yake yote, akasogeza kanga pembeni, akajidunga tumboni. Kisha akashusha pumzi na kufumba macho.

Balozi akainua unyusi wa kushoto.

Mheshimiwa akauona. Nilikuwa karibu nao, nikamwona anavyobadilika uso. Alidhani amekutwa tena na jambo ambalo dunia nzima inalijua isipokuwa yeye. Akamgeukia Waziri Ngwandu kwa sauti ya chini. "Ndiyo namna mpya?"

"Ndiyo ya kisasa kabisa, Mheshimiwa," Waziri akajibu, kwa kuwa hajawahi kumjibu vingine. "Mdomoni ni ya zamani."

"Nilikuwa najua," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya juu, akaanza kukunja mkono wa sweta. "Mama, nianzie mimi."

"Baba, hii siyo mvinyo," Da Skola akasema. Alisema taratibu, kwa heshima, kila mtu akasikia. "Hii ni dawa ya sukari. Asiyeumwa akijidunga ataanguka."

"Mvinyo mzuri wowote huangusha," akasema Waziri. Akamnyang'anya bomba, na kwa kuwa yeye ni daktari, akalijaza, akamdunga Mheshimiwa mkononi.

Mheshimiwa alifumba macho, akasema aaa. Ukumbi ukapiga makofi. Baada ya muda jasho lilimtoka, lakini tulikuwa tumevaa sweta, hakuna aliyeshangaa. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka, akaongea maneno yasiyoeleweka, jambo ambalo pia halikumshtua mtu. Halafu akateleza kwenye kiti taratibu, akaenda chini ya meza.

Itifaki yetu hairuhusu mtu kuwa juu ya Mheshimiwa. Akikaa tunakaa, akiinama tunainama. Kwa hiyo Waziri Ngwandu akalala sakafuni, baraza lote likalala kwa kufuata vyeo, na walinzi wakalala na bunduki zao. Hakuna ambaye angeweza kwenda kuita msaada bila kusimama. Mheshimiwa alikuwa anakufa, na serikali nzima ilikuwa imelala ubavu ikimtazama kwa unyenyekevu.

Da Skola ndiye aliyesimama. Alichukua bakuli la sukari mezani, akapiga magoti, akampaka sukari kwenye fizi kwa kidole, akarudia na kurudia, akimwambia, "Lamba, baba, lamba," kama anambembeleza mtoto wa jirani. Nilimtazama na nikatamani amwache. Nasema ninavyokumbuka. Yeye hakumwacha, na polepole Mheshimiwa akafumbua macho.

"Nimemwona mama yangu," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa anasema kweli, masikini. "Maishani mwangu sijawahi kunywa mvinyo kama huu."

Palepale, akiwa bado na sukari mdomoni, alitoa amri. Mvinyo huu ni kinywaji cha dola. Wote uliopo nchini, hospitalini, vituo vya afya na majumbani, ukusanywe kwenye Chumba cha Taifa kwa ajili ya wageni. Na mama huyu apewe nishani.

Da Skola alikuwa bado amepiga magoti. "Mheshimiwa," akasema, "nishani sihitaji. Niachie yangu tu. Na ya wenzangu."

Mheshimiwa akamshika bega kwa upendo. "Usiwe na wasiwasi, mama. Kila sikukuu ya taifa utaalikwa."

Sikukuu yetu ya taifa ni moja kwa mwaka, na ilikuwa imepita.

Walinzi waliipekua hospitali siku ileile, wakaikung'uta mpaka stoo ya mashuka. Waziri Ngwandu nilimfuata ofisini, nikamfuata nyumbani, nikamlilia. Akaniambia mvinyo wa dola hauwezi kurudishwa kuwa dawa, hakuna kifungu. Sista Yustina alijitahidi kwa alichokuwa nacho, yaani mikono. Da Skola alikunywa maji mpaka akashindwa kuyameza. Pumzi ikawa nzito, ina harufu ya matunda yaliyooza, na siku ya mwisho aliniuliza kama nimewapelekea watoto sare zao. Nikamwambia nimewapelekea. Tulimzika kabla jua halijazama, maana chumba cha maiti hakina baridi. Wenzake wengine walimfuata wiki hiyohiyo.

Nishani ililetwa nikiwa ndiyo kwanza natoka makaburini, bado nina udongo kwenye viatu. Aliyeileta alikuwa kijana wa itifaki, mpole, mwenye sweta. Alimuulizia mhusika, nikamwambia alipo. Akafikiri. Akasema kanuni inataka nishani ya daraja la kwanza ivalishwe kifuani, na kwa kuwa imekwisha kutangazwa redioni, kifua chochote cha ukoo kitatosha.

Akanichomeka yeye mwenyewe. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho, pini ikapita shati ikaingia kwenye nyama. Sikujitingisha.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "dada yangu hakuuawa na sukari. Mmemnywa."

Kijana akautazama utepe, akaunyoosha kwa kidole ukae vizuri, akaniomba nisimame wima.